Kupima maji ya kijito kidogo: mtiririko wa msimu na kilele cha mafuriko

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Kijito changu kitatosha kumwagilia shamba kiangazi kizima?" "Kalavati niweke la ukubwa gani?" "Mvua kubwa ikinyesha maji yatafika wapi?" Mara nyingi anayeuliza ameshaokota fomula mahali, ameijaza namba, na jibu lililotoka ama linamtisha ama linamchekesha. Fomula yenyewe huwa haina kosa. Kosa ni kwamba hajawahi kusimama kwenye kijito akiwa na tepu na saa.

Kabla ya yote, tenganisha maswali mawili. Maji ya msimu ni yale ambayo ardhi inayaachia polepole, siku hadi siku. Mafuriko ni mvua iliyokosa nafasi ya kuzama ardhini ikakimbilia bondeni ndani ya dakika chache. Katika mfano nitakaoutumia hapa, kijito kinachokusanya mvua ya eneo la hekta 60, kiangazi kinatoa lita 2 kwa sekunde na mafuriko yanatoa kama lita 7,000 kwa sekunde. Ni kijito kile kile. Hakuna kipimo kimoja kitakachokupa majibu yote mawili, kwa hiyo usikitafute.

Mwongozo huu ni wa vijito vidogo, vile ambavyo unaweza kuvivuka kwa hatua chache na eneo linalovilisha mvua halizidi kilomita za mraba chache. Mto mkubwa una kanuni zake.

Vitu vya kuandaa

- Tepu ya mita 20 au zaidi, na fimbo iliyonyooka yenye alama za kila sentimita.
- Saa ya kuhesabu sekunde. Ya kwenye simu inatosha.
- Ndoo ambayo umeipima mwenyewe ujazo wake. Ndoo iliyoandikwa lita 20 huweza kuingia 21 au 22 ikijaa hadi ukingoni.
- Vielea: machungwa, au chupa ndogo za plastiki zilizojazwa maji zaidi ya nusu. Chungwa ni zuri kwa sababu karibu lote huzama, upepo haulisukumi, na unaliona ukiwa mbali.
- Kamba mbili, vigingi na nyundo.
- Mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji ili kusawazisha msingi. Huu ndio utakaokupa mteremko wa kijito.
- Ramani yenye mistari ya kontua (ile inayounganisha mahali penye kimo sawa), au kompyuta yenye QGIS, programu ya ramani, na data ya miinuko.
- Kipimo cha mvua.
- Daftari na penseli. Wino hukimbia ukilowa.

Onyo moja ambalo halina mjadala: usiingie kwenye maji yaliyojaa. Maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, na ukishaanguka kina hakina maana tena. Vipimo vya mafuriko vyote vilivyo hapa hufanywa ukiwa ukingoni au baada ya maji kushuka.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kupimia

Tafuta kipande cha mita 10 hadi 20 kilichonyooka, ambacho upana haubadilikibadiliki, hakuna jiwe kubwa katikati, na maji hayarudi nyuma kwa kuzuiwa na kitu chini yake. Pembeni pa kona si pazuri: upande mmoja maji hukimbia, upande wa pili husinzia au hata huzunguka. Chini kidogo ya mahali pa kupimia ukipata mwamba au kizingiti cha mawe kisichohama, umepata bahati, kwa sababu hicho ndicho kitakachofanya kina kile kile kimaanishe maji yale yale mwaka ujao.

Hatua ya 2: Chora kidakio

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake hupita pale uliposimama. Anzia kwenye ramani mahali pa kupimia, panda mgongo wa kilima upande mmoja, fuata vilele mpaka ukizunguke kijito, kisha shuka upande wa pili. Mistari ya kontua inapokata bonde huchora umbo la V ambalo ncha yake inaelekea juu ya mto. Inapokata mgongo wa kilima, ncha huelekea chini. Mstari wako usikate kijito popote isipokuwa pale ulipoanzia.

Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita moja ya mraba ni hekta 25. Maana yake kidakio cha hekta 60 kinaingia ndani ya sentimita za mraba 2.4, na penseli nene ikiteleza umepoteza hekta kadhaa. Kwa vidakio vidogo kuza ramani au tumia kompyuta. Data za miinuko za bure zenye vipande vya mita 30 zinafaa, lakini kumbuka kwamba mara nyingi huhesabu kilele cha msitu kama uso wa ardhi.

Kisha nenda ukatembee mpaka huo. Ramani haijui kwamba mtaro wa barabara umechukua maji ya kilima cha jirani na kuyaleta kwako, au kwamba mfereji wa shamba umeyapeleka kwingine. Kwenye kidakio kidogo, mtaro mmoja wa barabara unaweza kukuongezea robo ya eneo. Kati ya makosa yote niliyoyaona, hili ndilo linalokaa kimya kuliko mengine, kwa sababu hesabu zote zinazofuata huwa safi kabisa juu ya eneo ambalo si sahihi.

Hatua ya 3: Pima maji ya leo

Kuna njia tatu. Wingi wa maji ndio utakaokuchagulia.

Maji yakiwa machache, tumia ndoo. Yakusanye yote kwenye bomba au gome la mti, hakikisha hayapiti chini wala pembeni, kisha hesabu sekunde za kujaza ndoo. Rudia mara tano. Lita 20 kwa sekunde 9 ni lita 2.2 kwa sekunde. Hakuna kifaa cha bei kubwa kitakachokupa jibu bora kuliko hili kwa maji ya namna hiyo.

Maji yakizidi uwezo wa ndoo, tumia kielea. Funga kamba mbili kukatiza kijito, zikiwa umbali wa mita 10. Dondosha chungwa juu kidogo ya kamba ya kwanza ili likifika hapo liwe limeshashika kasi ya maji, kisha hesabu muda mpaka kamba ya pili. Fanya mara tano au zaidi, mengine katikati, mengine karibu na kingo. Halafu pima kina kila baada ya sentimita 20 kukatiza kijito.

Mfano wangu: upana ni mita 1.2, na vina ni 0, 0.06, 0.10, 0.13, 0.12, 0.07 na 0. Jumla ya vina ni 0.48, zidisha kwa 0.2, eneo la mkato (uso wa maji ukiyakata kutoka ukingo hadi ukingo) ni mita za mraba 0.096. Muda wa machungwa ulikuwa sekunde 38, 41, 40, 42 na 39. La sita lilichukua 63 kwa sababu lilinasa kwenye majani, nikalitupa nje ya hesabu. Wastani ni sekunde 40, yaani kasi ya juu ya maji ni mita 0.25 kwa sekunde.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza mawe. Zidisha kasi ya juu kwa 0.85 kama kitako cha kijito, yaani sakafu yake, ni laini na maji yana kina, 0.8 kwa kijito cha kawaida chenye changarawe, na ushuke hata 0.65 kama maji ni membamba juu ya mawe makubwa. Kwangu ni 0.25 × 0.8 = 0.20. Zidisha kwa 0.096, unapata mita za ujazo 0.019 kwa sekunde, yaani lita 19. Usiandike 19.2. Chungwa halina usahihi huo.

Njia ya tatu ni ubao wenye pembe ya V ya nyuzi 90 uliozibwa vizuri kukatiza kijito. Maji yakipita kwenye V:

Q = 1.38 × H^2.5

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, H ni kimo cha maji juu ya ncha ya V kwa mita. Kimo cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 15 ni lita 12. Pima H nyuma ya ubao, upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kimo chenyewe, kwa sababu karibu na V maji yameshaanza kuinama. Na lazima maji yadondoke huru upande wa pili, kukiwa na hewa chini yake. Yakigusana na dimbwi la chini, kanuni hiyo haifanyi kazi tena.

Hatua ya 4: Simika rula na usiache kuisoma

Kipimo cha siku moja ni picha moja. Unachotaka ni mwaka mzima. Simika rula ya kina mahali patulivu kwenye kipande ulichochagua, ikiwa imefungwa kwenye kitu kisichohama: mwamba, nguzo ya zege, ukuta wa daraja. Mimi ya kwanza niliigongelea kwenye mti uliokuwa ukingoni. Msimu wa mvua ulipokwisha mti ulikuwa umeinama, na miezi minne ya usomaji haikuwa na maana yoyote. Weka pia alama ya rangi kwenye jiwe kubwa lililo mbali na maji, na kila baada ya miezi michache angalia kwa mpira wa maji kama tofauti ya kimo kati ya alama hiyo na sifuri ya rula imebaki ile ile.

Soma kila siku saa ile ile, na usome tena kila baada ya mvua. Kwa kidakio kidogo, usomaji wa asubuhi pekee utakukosesha karibu mafuriko yote: maji hupanda alasiri, yanashuka jioni, na asubuhi unaandika kana kwamba hakukutokea kitu. Dawa yake ni bomba la plastiki lililosimama, lenye matundu chini, ndani yake fito na unga wa kizibo cha chupa cha koki, ile inayoelea. Maji yakipanda unga huelea; yakishuka hubaki umegandamana na fito pale yalipofika. Ukisoma, futa fito na urudishe unga.

Hatua ya 5: Geuza kina kuwa maji

Rudia kipimo cha hatua ya 3 katika siku tofauti, maji yakiwa machache, ya wastani na mengi, ukiandika kila mara rula inasoma ngapi. Vipimo 8 hadi 10 vinakupa mstari mzuri. Kwenye kijito cha mfano, rula ikisoma sentimita 12 maji ni lita 4. Ikisoma 20 ni lita 19. Ikisoma 31 ni kama lita 60. Ona kwamba kina hakikufika hata mara tatu, lakini maji yamekuwa mara 15. Kwa hiyo usiunganishe nukta mbili za mbali kwa rula iliyonyooka.

Chukua usomaji ambao maji hukoma kabisa kutiririka (hapa ni sentimita 4), uutoe kwenye kila usomaji, kisha chora kina na maji kwenye karatasi ya grafu ya logi pande zote mbili, ile ambayo kutoka 1 hadi 10 ni urefu sawa na kutoka 10 hadi 100. Nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka. Nukta iliyokimbia wenzake usiifute kwanza. Angalia daftari kama siku hiyo kulikuwa na gogo lililoziba chini.

Usirefushe mstari huu mpaka kwenye mafuriko. Maji yakishatoka kwenye kingo na kuingia vichakani, tabia yake hubadilika kabisa.

Hatua ya 6: Soma msimu

Ukishapata usomaji wa mwaka, achana na wastani. Wastani wa lita 15 kwa sekunde unaweza kuwa umetengenezwa na siku kumi za maji mengi ambayo hukuyatumia. Panga siku zote 365 kutoka maji mengi hadi machache. Namba iliyo nafasi ya 329 ndiyo mtiririko unaopatikana kwa takribani asilimia 90 ya siku. Mtu wa umwagiliaji au wa maji ya nyumbani aulize hiyo.

Kwa wasioweza kusubiri mwaka, kiangazi kina tabia ya kusaidia. Mvua ikishakatika, kijito hupungua kwa uwiano ule ule kila kipindi. Pima mara mbili ukiacha siku 30. Kama ya kwanza ilikuwa lita 6.0 na ya pili 4.0, kila siku 30 zinabakiza theluthi mbili. Basi baada ya siku 60 tarajia lita 2.7, baada ya 90 lita 1.8, baada ya 120 lita 1.2. Hesabu hii huharibika mvua ikinyesha katikati au mtu akianza kuvuta maji kwa pampu huko juu. Kama kijito hulishwa na theluji inayoyeyuka, anza kuhesabu baada ya theluji kwisha, la sivyo unapima jua la wiki hiyo.

Wengine huchukua takwimu za mto mkubwa wa karibu uliopimwa kwa miaka mingi na kuzigawa kwa uwiano wa eneo. Kwa msimu wa mvua inavumilika, ikiwa mvua na udongo vinafanana. Kwa kiangazi siikubali. Mto mkubwa umechimba chini zaidi na hunywa chemchemi ambazo kijito chako hakizifikii. Kijito kinaweza kukauka kabisa huku uwiano ukikuambia kuna lita 3.

Halafu jikague kwa hesabu ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Lita 19 kwa sekunde ni kama mita za ujazo 1,640 kwa siku. Gawa kwa hekta 60, ni milimita 2.7 kwa siku. Kwa msimu wa mvua inaingia akilini. Ukijumlisha mwaka ukakuta kijito kimetoa milimita nyingi kuliko zilizonyesha, ama kidakio umekichora kidogo ama kuna chemchemi inayoleta maji ya kilima kingine.

Hatua ya 7: Soma alama za mafuriko

Sasa swali la pili. Siku chache baada ya maji kushuka, nenda ukatafute yalipofika: mstari wa takataka na mbegu ukingoni, tope kwenye ukuta, vijiti vilivyonasa kwenye uzio. Alama zilizo upande wa juu wa mti huwa zimepanda kuliko uhalisia, kwa kuwa maji hugonga mti na kujirundika. Chagua zile za pembeni palipokuwa patulivu. Majani yaliyolala si ushahidi mzuri, kwani huinama na kuinuka. Kwa mafuriko ya zamani waulize wazee wanaoishi hapo, na uwaombe wakuonyeshe kwa kidole mahali, si kukuambia "yalifika kiunoni".

Gonga vigingi kwenye alama tatu au zaidi kwenye kipande cha mita 50 hadi 100, pande zote mbili, na upime tofauti ya vimo kwa mpira wa maji. Hiyo ndiyo inakupa mteremko wa uso wa maji. Kisha pima mkato wote kutoka alama ya ukingo mmoja hadi wa pili. Kasi inatoka kwenye mlinganyo wa Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeuwasilisha mwaka 1889:

V = R^(2/3) × √S ÷ n

R ni eneo la mkato likigawanywa kwa urefu wa kitako na kingo zilizolowa. S ni mteremko. n ni ukwaru, yaani jinsi kitako na kingo zinavyoyakwaruza na kuyapunguza kasi maji: 0.03 kwa mkondo safi ulionyooka, 0.035 hadi 0.05 wenye mawe na magugu, 0.04 hadi 0.07 kijito cha mlimani chenye mawe makubwa, 0.1 au zaidi vichaka vinene vilivyofunikwa na maji.

Kwenye mfano: eneo la mkato ni mita za mraba 4.0, urefu uliolowa mita 6.4, kwa hiyo R ni 0.625. Alama zilishuka mita 0.9 kwenye mita 60, S ni 0.015. Nikichukua n ya 0.05, kasi ni mita 1.8 kwa sekunde na mafuriko ni mita za ujazo 7.2 kwa sekunde. Nikichukua 0.04 ni 9.0, nikichukua 0.06 ni 6.0. Andika yote matatu. Atakayekuambia anaijua n ya kijito chenye mawe kwa kukitazama tu mara moja, mpe heshima yake lakini usitumie namba yake peke yake.

Kama mkondo una sehemu mbili, wa kati wenye kina na ukingo wa vichaka uliofunikwa na maji membamba, hesabu kila sehemu na n yake kisha ujumlishe. Ukizichanganya, ule ukingo mpana utakushushia R ya mkondo mzima bila sababu.

Na kama kilichopita ni tope zito lililobeba mawe, mlinganyo huu haukuhusu. Utaona mawe makubwa yamekaa juu ya madogo na kingo za tope zilizosimama kama tuta. Hapo ita mtaalamu wa maporomoko.

Hatua ya 8: Kokotoa kutoka kwenye mvua

Q = C × i × A ÷ 360

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni hekta. C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi: karibu 0.1 hadi 0.3 kwa msitu na majani kwenye udongo unaopitisha maji, 0.3 hadi 0.5 kwa mashamba kwenye mteremko au udongo wa mfinyanzi, 0.7 hadi 0.95 kwa paa na lami. Kanuni hii ni ya maeneo madogo. Wengi huikomesha kwenye hekta 80 hivi. Zaidi ya hapo mvua hainyeshi sawasawa kidakio kizima na jibu huvimba.

Ugumu uko kwenye i. Si mvua ya siku, ni ya muda ambao maji ya kona ya mbali kabisa huchukua kufika kwako. Fomula ya Kirpich ya mwaka 1940, iliyotokana na vidakio vidogo vya mashamba huko Tennessee, inakadiria muda huo kwa dakika:

t = 0.0195 × L^0.77 × S^−0.385

L ni urefu wa njia ya maji kwa mita, S ni mteremko wake. Mita 1,400 zinazoshuka mita 84 ni mteremko wa 0.06, na t inatoka dakika 15. Kwa hiyo natafuta mvua kali ya dakika 15. Taasisi za hali ya hewa na za barabara huwa na majedwali yanayoonyesha ukali kwa muda na kwa miaka ya marudio, yaani kwa wastani mvua kali hivyo hurudi kila baada ya miaka mingapi. Tuseme jedwali la eneo lako linasema milimita 120 kwa saa kwa marudio ya miaka 25. Kwa C ya 0.35: 0.35 × 120 × 60 ÷ 360 = 7.0. Kwa C ya 0.45 ni 9.0.

Sasa tazama kosa linalorudi kila msimu. Mtu ana mvua ya siku ya milimita 96, anaigawa kwa saa 24, anapata i ya 4, na fomula inampa mita za ujazo 0.23 kwa sekunde. Ananunua bomba dogo kwa furaha. Mvua ile haikunyesha saa 24. Kubwa yake ilinyesha dakika 40 za alasiri.

Hatua ya 9: Linganisha, kisha chagua

Alama zinasema 6 hadi 9, mvua inasema 7 hadi 9. Mara nyingi hazipatani hivi. Zikitofautiana chini ya mara mbili, shukuru. Zikipishana zaidi, mimi huamini alama za maji kwanza, kisha narudi kukagua kidakio na C.

Alama peke yake haisemi mafuriko hayo hurudi mara ngapi. Ukiwa na kilele cha kila mwaka kwa miaka n, vipange kutoka kikubwa. Kile cha nafasi ya m kina kipindi cha marudio cha (n + 1) ÷ m. Kikubwa kuliko vyote ndani ya miaka 20 kinahesabiwa cha miaka 21. Anza mwaka wako katikati ya kiangazi, ili msimu mmoja wa mvua usigawanyike kwenye miaka miwili.

Mafuriko ya miaka 25 hayaji kwa kalenda. Kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 25, na ndani ya miaka 10 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 34. Ndani ya miaka 25 ni asilimia 64. Kivuko cha shambani kinachoweza kufunikwa na maji saa mbili bila hasara kinavumilia marudio ya miaka 10. Nyumba ya kulala watu, au daraja ambalo likibomoka kijiji kinakatika, haihesabiwi kwa machungwa na mpira wa maji. Peleka daftari lako kwa mhandisi, litamsaidia sana.

Mambo yakigoma

Rula inasoma kina kile kile lakini maji ni mengi au machache kuliko jedwali. Kitako kimehama: mchanga umejaa au umechimbwa. Pima upya mara mbili tatu na uanze mstari mpya wenye tarehe. Usiufute wa zamani, bado ni halali kwa siku zake.

Kielea kinakwenda upande mmoja kila mara. Kipande ulichochagua si kinyoofu, au kuna upepo. Gawanya mkato katika sehemu tatu, pima kasi ya kila sehemu, jumlisha.

Maji yanapita chini ya ubao wa V. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi na karatasi ya plastiki upande wa juu. Kama kitako ni changarawe tupu, sehemu ya maji inapita ndani ya changarawe na hakuna ubao utakaoyakamata. Hamia penye mwamba.

Kasi ya Manning imetoka mita 5 kwa sekunde. Kwenye kijito kidogo chenye mawe ni vigumu kuamini. Karibu kila mara n imewekwa ndogo mno, au mteremko umepimwa kwenye kitako penye maporomoko badala ya kwenye alama za maji.

Jibu ni kubwa mara 100 au mara 1,000. Angalia vipimo: hekta dhidi ya kilomita za mraba, lita dhidi ya mita za ujazo, mteremko wa 6 badala ya 0.06. Ukitumia kilomita za mraba, kanuni ya hatua ya 8 huwa 0.278 × C × i × A.

Mvua kubwa imenyesha na kijito hakikupanda. Udongo ulikuwa mkavu na umeinywa, au mvua ilinyesha kwenye kipimo chako na si kwenye kidakio. Sogeza kipimo cha mvua, au ongeza cha pili huko juu. Mvua ile ile ikija wiki moja baadaye juu ya udongo uliolowa inaweza kuleta mafuriko, kwa hiyo andika pia hali ya ardhi kabla ya kila mvua.

Usomaji una mapengo. Acha nafasi wazi kwenye daftari. Anayejaza "kama jana" huharibu hata siku alizosoma kweli, maana baadaye hakuna anayejua zipi ni zipi.